Niliyamwaga maji ya jirani

Juzi Jumatano, usiku wa manane, mlango wangu uligongwa. Siyo ule ugongaji wa kistaarabu wa vidole viwili, hapana. Uligongwa kwa kiganja kizima, pa, pa, pa! Nikatazama simu: saa nane na dakika kumi.

Msomaji wangu, nikwambie ukweli? Niliuchuna. Nikazima mwanga wa simu haraka haraka, nikavuta shuka mpaka kichwani, nikabana pumzi kama mtu aliyejificha uvunguni. Nikamsikia jirani yangu wa chumba cha tatu, yule dada anayeuza chakula stendi, akisema kwa sauti ya chini, "Kaka... samahani kaka." Kimya. Kisha malapa yakaburuzika kuelekea getini.

Nilijitetea moyoni. Nikasema huyu kaishiwa umeme, anataka kukopa hela ya LUKU. Au ana ugomvi na mtu wake, na mimi mambo ya mume na mke siyawezi. Nikalala. Si unajua tena Mbagala, kila mtu na lake.

Asubuhi ndiyo naambiwa na mama mwenye nyumba: mtoto wa yule dada, wa miaka miwili na ushee, alishikwa na degedege. Mama wa watu akamfunga mgongoni, akatoka peke yake mpaka barabara kubwa kutafuta bajaji. Mungu mkubwa, mtoto alipona. Saa nne asubuhi wakarudi, mimi niko mlangoni napiga mswaki. Akaniangalia, akasema, "Kaka, za asubuhi?"

Basi. Hakuongeza neno. Angenitukana ningemshukuru.

Na kibaya zaidi, kabla sijajua habari hizo, nilikuwa nimeshaweka kwenye status yangu ya WhatsApp mstari wa Biblia kuhusu upendo. Na maua pembeni. Watu 64 walikuwa wameutazama.

Ndiyo maana leo sitaandika yale mambo yetu ya mapenzi na mitindo. Leo nataka nikupeleke kwetu Mkula, nikwambie habari ambayo nimeibeba tangu nikiwa na kaptula ya shule.

AMEHAMA MKOA BILA KUFUNGA KIKAPU

Kama hupajui Mkula, panda basi la Mwanza kwenda Musoma, ukifika Lamadi, pale inapochepuka barabara ya Bariadi, wewe shuka uulize tu. Hatuko mbali. Upande mmoja tuna Ziwa Victoria, upande mwingine tuna Serengeti, katikati ndiyo sisi na mashamba yetu ya pamba. Zamani tulihesabiwa mkoa wa Mwanza, wilaya ya Magu. Mwaka 2012 ukazaliwa mkoa wa Simiyu, makao makuu Bariadi, na sisi tukawekwa wilaya mpya ya Busega. Bibi yangu, mzaa mama, alikuwa akicheka akisema yeye amehama mkoa bila kufunga hata kikapu.

Bibi huyo ndiye aliyenilea. Na kwetu kule, jirani siyo mtu wa kusalimiana tu ukitaka. Jirani ni silaha. Tembo wakitoka hifadhini usiku kuja kula mahindi yako, huwezi kuwafukuza peke yako na kopo moja. Ng'ombe wakiibwa, unapiga mwano, yaani lile yowe la Kisukuma, na kila mwanaume anayelisikia anatoka na fimbo yake. Asiyetoka atajieleza. Hata sungusungu, waliozuka Usukumani na Unyamwezini mwanzoni mwa miaka ya 1980, walisimama juu ya desturi hiyo hiyo. Kulima nako ni vile vile: watu wanakusanyika, ngoma inapigwa, majembe yanakwenda kwa mdundo, jioni mwenye shamba anawalisha.

Na dini ipo, tena siyo ya jana. Pale Nassa, jirani zetu, wamisionari walikuwepo tangu karne ya 19, na mwaka 1909 Africa Inland Mission wakakipokea kituo kile, ndiyo mwanzo wa kanisa la AIC hapa nchini. Mkula kwenyewe kuna hospitali ya kanisa hilo. Kwa hiyo usije ukadhani nakusimulia habari za watu wasioijua Injili. Tunaijua. Akina bibi zetu wanaimba tenzi kitabu kikiwa kimefungwa.

Ila kulikuwa na kitu kimoja ambacho kwa baadhi yetu kilikuwa na nguvu kuliko Injili. Macho ya mwanamke mzee.

MACHO NA MOSHI

Nyumba yetu na ya jirani zilitenganishwa na ua wa minyaa. Ng'ambo ya ua aliishi bibi mmoja mjane, watoto wake wawili walishatangulia mbele za haki, wajukuu wako Geita migodini. Jina lake sitalitaja. Bibi yangu alimwita mayu, na yeye alimwita Bibi mayu, kama wanawake wa Kisukuma wanavyoheshimiana. Sisi watoto tulipopita tulisema, "Mwadila, mayu," tukiinama kidogo, naye anaitikia mpaka tunaifikia kona.

Macho yake yalikuwa mekundu. Siyo mekundu ya kuchoka, mekundu hasa, kama makaa yaliyopulizwa.

Sasa hivi nina akili, najua sababu. Kwetu miti imekwisha. Mwenye pesa ananunua mkaa. Asiye nazo anapikia miti mikavu ya pamba na kinyesi cha ng'ombe, kwenye mafiga matatu, ndani ya kijumba kisicho na dirisha. Mwanamke anaanza kupuliza moto ule akiwa binti wa miaka kumi, anaendelea mpaka anazeeka. Hebu piga hesabu ya moshi huo! Macho yasiwe mekundu yawe rangi gani?

Lakini Usukumani macho hayo yameua. Siyo utani. Miaka ya 1970 mauaji ya vikongwe kwa tuhuma za uchawi yalikuwa yameitikisa serikali. Vyombo vya dola vikaingia Mwanza na Shinyanga kuwasaka wauaji, watu wengi wakakamatwa, na baadhi yao wakafia mikononi mwa waliowakamata. Marehemu Mzee Ali Hassan Mwinyi, wakati huo Waziri wa Mambo ya Ndani, hakumgusa mtu kwa mkono wake, lakini mwaka 1977 alijiuzulu. Alisema kwa vitendo kwamba hili limetokea nyumbani kwangu. Baadaye, mwaka 1985, ndiyo akawa Rais. Lakini mauaji hayakwisha. Hata miaka ya 2010 na kitu, ripoti za Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu zilikuwa zikihesabu mamia ya watu wanaouawa kwa mwaka kwa imani hizo, wengi wao wanawake wazee.

Nataka ujue hilo, ili nikikwambia nilikuwa naogopa na Bibi alikuwa anaogopa, usidhani tulikuwa tunaogopa vivuli.

SIKU TISA

Kazi yangu ya jioni ilikuwa maji. Nilikuwa darasa la saba, mwaka 2013. Napakia madumu matatu ya lita 20 kwenye baiskeli, nakwenda kisimani. Mawili ya kwetu, la tatu la jirani. Hiyo ilikuwa amri ya Bibi, na haikuwa na mjadala. "Dumu la mayu kwanza, ndipo letu." Wakati mwingine aliongeza bakuli la michembe au kipande cha samaki.

Mwaka huo jamaa mmoja wa kitongoji chetu alifiwa na ndama wawili ndani ya wiki moja. Halafu mtoto wake akaanza kuvimba tumbo. Akafunga safari kwa mganga, kijiji cha mbali. Mganga naye, kama kawaida yao, hakutaja jina. Akasema tu ni mwanamke, ni mzee, anaishi upande jua linakochomoza. Haya sasa, wewe fikiria mwenyewe.

Baadaye sana nikaja kusikia kwamba kulikuwa na jambo jingine. Marehemu mume wa yule bibi aliacha shamba zuri karibu na barabara, na ndugu wa mume walikuwa wameshalitupia macho. Kwenye habari hizi, msomaji wangu, ukichimba sana chini ya uchawi mara nyingi utakuta shamba.

Kijiweni kwa waendesha bodaboda ndiyo habari zilipikwa zikaiva. Eti yule bibi hulala mchana, usiku anazunguka. Eti fisi anayelia bondeni ni wake. Mshikaji wangu mmoja, tuliyekuwa tunakaa dawati moja, akaniambia, "Na wewe unayempelekea maji, ukikanyaga pale mlangoni utaachia nyota yako." Nikacheka kwa kuzuga. Lakini usiku ule sikulala.

Kesho yake jioni nilifika kwenye ua wa minyaa na dumu lake. Nikaangalia kushoto, nikaangalia kulia. Nikalifungua lile dumu, nikayamwaga maji yote kwenye shina la mnyaa. Nikasubiri kidogo, muda wa mtu kwenda na kurudi. Nikaingia kwetu na dumu tupu.

"Umempelekea mayu?"

"Ndiyo, Bibi."

"Kasemaje?"

"Kasema wabeja."

Nilifanya hivyo siku tisa. Nilizihesabu wakati ule na bado nazikumbuka. Lita 20 mara tisa, chini ya mnyaa, na jirani yangu mwenye miaka sabini na kitu ana mtungi mkavu.

Siku ya sita hivi, Bibi akasema wakati wa chakula, "Mayu kaniambia siku hizi anapenda kwenda kisimani mwenyewe na kindoo chake, anyooshe miguu. Lakini wewe endelea kumpelekea." Jamani! Tonge likanikwama. Yule bibi hakunisema. Na unajua akili yangu iliniambia nini? Haikuniambia kwamba huyu ni mtu mwema ananifichia aibu. Iliniambia: umeona, amejuaje? Kweli ni mchawi!

Hofu ndivyo ilivyo. Hata wema inaugeuza kuwa ushahidi.

BIBI AHAMA KITANDA

Siku ya kumi ikapatikana barua mlangoni kwa jirani. Karatasi ya daftari, imekunjwa, imebanwa kwa jiwe. Yeye hakujua kusoma, akamletea Bibi, Bibi akanipa mimi nisome. Iliandikwa kwa kalamu nyekundu, mistari mitatu. Sitairudia hapa. Ilimtaka ahame kabla mwezi haujaandama, la sivyo asilaumu mtu.

Nilipomaliza kusoma, wale bibi wawili walikaa kimya muda mrefu. Halafu jirani akasema kwa Kisukuma kwamba atakwenda, ila hajui aende wapi.

Bibi akaenda kwa mwenyekiti wa kitongoji siku hiyo hiyo, akaiacha barua pale. Mwenyekiti akasema atalifanyia kazi. Jioni akaja kwetu mzee mmoja wa kanisani, mtu wa heshima zake. Akakaa, akanywa chai, akasema, "Mama, mambo ya kule usijiingize. Una mjukuu. Sisi tutamwombea tu yule mama."

Bibi akamjibu taratibu. Akasema, yule mwanasheria katika Injili ya Luka aliuliza jirani yangu ni nani. Mimi siwezi kuuliza, mzee wangu, kwa sababu nyumba yake ile pale, moshi wake unaingia kwangu.

Mzee akamaliza chai yake akaaga.

Saa mbili usiku Bibi akakunja mkeka na blanketi. Akanitazama. "Chukua tochi, twende tukalale kwa mayu."

Nilitamani ardhi ipasuke. Nikasema, "Bibi, na kama wakija?"

"Wakija watatukuta watatu. Kuua mmoja ni rahisi, kuua watatu kuna kazi."

Usifikiri Bibi alikuwa jasiri wa kwenye sinema. Nilimwona akifunga kanga kiunoni, mikono inatetemeka, fundo likafunguka mara mbili. Alikuwa anaogopa kama mimi. Tofauti yetu ni kwamba yeye aliogopa huku anatembea.

Usiku wa kwanza, kimya. Usiku wa pili, kimya. Nimelala kwenye mkeka kati ya bibi wawili, mmoja anakoroma, mwingine anakohoa moshi. Na nikagundua kwamba mchawi wetu hakuondoka usiku kwenda popote. Aliamka mara moja tu, akanifunika blanketi lililokuwa limeteleza.

Usiku wa tatu, kama saa saba, mbwa wakaanza. Halafu miguu. Halafu mwanga wa tochi ukapita kwenye nyufa za mlango, ukarudi, ukasimama. Mate yakanikauka. Bibi akanyanyuka, akaenda mpaka mlangoni, akasema kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia tena, "Tupo watatu humu! Anayetaka kuingia aseme kwanza jina la baba yake!"

Kisha akapiga mwano.

Nimekwambia, kwetu mwano ukipigwa hujamaliza pumzi umeshajibiwa. Usiku ule haukujibiwa. Bibi akapiga mara ya pili. Kimya. Nilijua watu wamesikia. Nilijua wamelala macho, wamevuta mablanketi mpaka kichwani, wanasema moyoni mambo yale siyo yetu. Mara ya tatu ndiyo sauti moja ikaitikia kutoka ng'ambo ya barabara. Alikuwa fundi baiskeli, Mwislamu, hana undugu na sisi wala kanisa moja na sisi. Akaja mbio, kifua wazi, spana mkononi. Alipoitikia yeye, wakaitikia wengine. Ndani ya dakika chache uwanja ulijaa watu na fimbo. Wenye tochi walikuwa wameshatoka nduki. Hadi leo sijui walikuwa akina nani. Pengine walikuwamo kati ya wale waliokuja kutusaidia.

Yule mzee wa kanisani naye alifika, mwishomwisho, amefunga vizuri vifungo vyote vya shati.

Simcheki. Juzi Jumatano nilikuwa mimi.

RATIBA

Unajua kilichofuata? Hakuna muujiza, kulikuwa na ratiba. Jumapili Bibi alisimama kanisani kwenye matangazo, akasema anahitaji watu wawili kila usiku wa kulala kwa mayu, na kwamba fundi baiskeli ameshachukua Jumatatu. Watu wakaona aibu. Wanawake wakajiandikisha, na vijana wawili wa kwaya, na yule mzee naye akachukua Alhamisi, tena hakukosa hata moja. Wakalala pale zaidi ya mwezi, mpaka mambo yakapoa.

Mwenyekiti, alipoona watu wengi hivyo, ndiyo akapata nguvu. Akawaita ndugu wa mume, mambo ya shamba yakaandikwa mbele ya mashahidi. Bibi akampeleka jirani hospitali, wakampa dawa ya macho, wakamwambia moshi, mama, punguza moshi. Vijana wakamtobolea dirisha jikoni. Dirisha, msomaji wangu! Miaka yote ile tulikuwa tunajadili macho yake, hakuna aliyewaza kumtobolea dirisha.

Na mtoto wa yule jamaa aliyevimba tumbo? Alipelekwa hospitali pia, akatibiwa, sasa hivi ni kijana ana bodaboda yake.

Mimi nilikuwa nafikiri habari ya Msamaria mwema ni habari ya barabarani: unasafiri, unamkuta mtu kaumizwa, unamsaidia, unaendelea na safari. Inaisha. Bibi alipenda kunikumbusha kile kipande ambacho wahubiri wanakipita haraka. Yule Msamaria alimpa mwenye nyumba ya wageni dinari mbili, akamwambia ukitumia zaidi nitakulipa nikirudi. Nikirudi! Yaani hakuona kwamba kazi imekwisha. Na sasa naona kwamba kumsaidia mtu usiyemjua, utakayeachana naye kesho, ni rahisi kuliko kumsaidia yule unayemwona kila siku, unayejua kikohozi chake, unayesikia anavyosemwa kijiweni.

ALIKUWA ANAJUA

Bibi alifariki mwaka 2019. Nikaenda Mkula kuzika. Jirani alikuwa bado yupo, amekonda, haoni vizuri, lakini alikaa mkekani siku zote za msiba. Siku ya kuondoka nikamfuata ng'ambo ya ua. Nikapiga magoti. Nikasema, "Mayu, kuna jambo. Mwaka ule nilikuwa namwaga maji yako."

Akacheka. Alicheka mpaka akakohoa.

"Ng'wanone, nilikuwa najua. Kila jioni ardhi pale ilikuwa imelowa, na mvua hakuna."

"Kwa nini hukumwambia Bibi?"

"Angekuchapa. Na wewe ulikuwa mtoto, ulikuwa unaogopa. Mimi pia nilikuwa naogopa."

Kisha akanionyesha kwa fimbo yake. Ule mnyaa wa pale ulikuwa mnene kuliko wenzake wote kwenye ua. Sijui kama ni maji yangu au ni mnyaa tu. Lakini yeye alifurahi kunionyesha.

Alifariki miaka miwili baadaye. Nilipigiwa simu na mama mkubwa. Alikufa kitandani kwake, kwa uzee, jirani wakiwa wamemshika mkono. Kwa mwanamke mwenye macho yale, mahali pale, hiyo ni habari kubwa kuliko unavyofikiria.

TURUDI MBAGALA

Sasa wewe kijana mwenzangu wa mjini unaweza kusema hayo ni ya huko Simiyu, huku hakuna mtu anayeuawa kwa macho mekundu. Sawa. Lakini huku nako kuna kijiwe, tena kiko ndani ya simu. Yule dada wa chumba cha tatu anasemwa. Eti anarudi usiku, eti watoto wake baba tofauti, eti ana maringo. Mimi nilizisikia habari hizo, nikazicheka, na nadhani ndizo zilizonishika mkono usiku ule nisifungue mlango. Sikumwaga maji, lakini niliuzima mwanga. Dhambi ni ile ile.

Na sisi Wakristo wa mjini tuna ugonjwa wetu. Mkesha wa Ijumaa hatukosi. Sadaka tunatuma kwa simu. Kwaya tunaimba mpaka mishipa inatoka shingoni. Lakini muulize mtu jina la anayelala nyuma ya ukuta wake, tofali moja tu kati yao, atakwambia "yule wa chumba cha mwisho". Tunamtafuta Mungu kwa mabasi mawili na bodaboda, wakati Yeye amegonga pa, pa, pa, saa nane usiku.

Ijumaa jioni nilimfuata yule dada, anaosha masufuria yake. Nikasema, "Dada, juzi ulipogonga, sikuwa nimelala."

Akaendelea kusugua sufuria. "Najua, kaka. Niliona mwanga wa simu ukizimika chini ya mlango."

Unaona? Jirani huwa anaona. Anaona ardhi iliyolowa, anaona mwanga uliozimika, na kesho yake anakusalimia.

Nikampa namba yangu ya simu. Nikamwambia, saa yoyote, hata kama nimekasirika, nitaamka. Akaichukua, hakusema ameniamini wala hajaniamini. Haki yake. Imani ya jirani haipatikani kwa namba ya simu, inapatikana siku mlango utakapogongwa tena. Tangu siku hiyo nalala usingizi wa mang'amung'amu kama mlinzi.

Nawe msomaji, sikuambii ukalale kwa mtu na mkeka. Anza na dogo. Leo jioni jua jina la jirani yako. Jua mtoto wake anaitwa nani, ana ugonjwa gani, na kuna bajaji gani inayokubali kuja kwenu usiku. Ukisikia anasemwa kijiweni, usiongeze chumvi. Na ukikuta tatizo lake ni moshi, acha kujadili macho yake, tafuta nondo ukamtoboe dirisha.

Kwa leo kalamu naiweka chini, nisije nikakuchosha. Tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda. Ila ukisikia mlango unagongwa kabla ya hapo, fungua.